Mimba Imeingia, Tiketi Imeshakatwa: Angalia Kwanza Tarehe ya Kurudi

Msimu wa harusi na likizo ukikaribia, sisi tunaokata tiketi tunazipokea sana simu hizi. Dada amelipia safari miezi minne au mitano kabla kwa sababu bei ilikuwa nzuri, kisha kipimo kikaonyesha mistari miwili. Wakati mwingine anayepiga ni mume, na sauti imeshuka kama anayetoa siri ya nyumba, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Swali ni moja: watamruhusu kupanda ndege? Kwa wengi jibu ni ndiyo, tena bila masharti mazito. Swali linalowagharimu watu fedha ni lile wasilouliza: watamruhusu kurudi?

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyumbani tunahesabu mimba kwa miezi. Mashirika ya ndege yanahesabu kwa wiki, kama wanavyohesabu kliniki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho hadi wiki 40. Mwanamke anayesema ana miezi saba anaweza kuwa na wiki 28, na anaweza kuwa na wiki 31, na kwenye kaunta ya uwanja wa ndege tofauti hiyo ni kubwa. Emirates na British Airways, kwa mfano, hayamchukui mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, wala mwenye mapacha baada ya wiki ya 32. Kabla ya hapo, mashirika mengi huanza kudai barua ya daktari au mkunga kwenye wiki ya 28 au 29. Kila shirika lina sheria yake, na ukiunganisha mashirika mawili katika safari moja, fuata sheria iliyo kali zaidi.

Sasa chukua kalamu tufanye mfano. Dada wa Dar es Salaam amekata tiketi ya kwenda London tarehe 1 Juni na kurudi tarehe 20 Agosti. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Desemba. Siku ya kwenda atakuwa ametimiza wiki 26, kwa hiyo hakuna atakayemdai hata karatasi. Ndiyo maana hana wasiwasi, na ndugu zake wanamwambia asafiri tu. Lakini tarehe 10 Agosti anatimiza wiki 36, na tarehe 20 Agosti atakuwa na wiki 37 na siku tatu. Ndege ya kurudi haitamchukua. Atakwama ugenini zikiwa zimebaki chini ya wiki tatu kabla ya kujifungua, katika nchi ambako mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi anaweza kutozwa gharama za hospitali kwa bei ya mgeni.

Mtu huyu hana sababu ya kufuta safari. Anahitaji kusogeza mguu mmoja tu wa tiketi, ule wa kurudi. Akiuleta tarehe 12 Julai, atakuwa na wiki 31 na siku sita. Hapo ana nafasi ya kutosha hata ndege ikiahirishwa au akiugua mafua siku mbili tatu. Kama ni mapacha, tarehe hiyo iko ukingoni na ningemshauri arudi mapema zaidi, mwishoni mwa Juni. Ndiyo sababu napenda mtu afanye ultrasaundi kabla ya kugusa tiketi: hesabu ya kichwani hukosea, na mapacha hawaonekani kwenye kipimo cha mkojo.

Ultrasaundi ya mapema ina kazi nyingine kubwa kuliko tiketi. Inaonyesha kama mimba imetunga ndani ya mji wa mimba. Ikiwa imetunga nje, inaweza kupasuka na kumwaga damu ndani kwa ndani, na angani hakuna chumba cha upasuaji. Mwenye maumivu ya tumbo upande mmoja, au anayetokwa damu, asizungumze nami habari za tarehe. Aende hospitali kwanza.

Kwa mimba isiyo na tatizo, madaktari hawaoni safari ya ndege kuwa hatari, na kipindi kinachovumilika zaidi ni katikati, takriban wiki ya 14 hadi ya 27, kichefuchefu kikiwa kimepungua na tumbo halijawa zito. Hewa ya ndani ya ndege hushushwa mgandamizo ufanane na ule wa mahali palipo juu ya bahari kiasi cha mita 1,800 hadi 2,400. Hiyo ni kama kuwa mahali kati ya kimo cha Nairobi na cha Addis Ababa, miji ambamo wanawake wengi wanabeba mimba na kujifungua kila siku. Wanaohitaji uangalizi wa daktari wao kabla ya kuamua ni wenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu, shinikizo la damu, kondo lililotangulia, au waliowahi kujifungua kabla ya wakati. Jambo linalomhusu kila mjamzito ni damu kuganda miguuni katika safari inayozidi saa nne. Aombe kiti cha kando ya ujia, anyooshe miguu, asimame na kutembea, anywe maji, na amuulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Tukija kwenye fedha, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hulipa zaidi ya wanachodaiwa.

Bei uliyolipa ina sehemu tatu: nauli yenyewe, tozo za shirika kama ile ya mafuta, na kodi za serikali na viwanja vya ndege. Tiketi iliyoandikwa kuwa haina marejesho kwa kawaida inakunyima nauli, na mara nyingi tozo za shirika pia. Kodi za kiwanja ambacho hukukitumia aghalabu zinarudishwa, ila ni lazima uombe, na kuna mashirika na mawakala wanaokata ada ya kushughulikia. Katika safari ndefu kodi hizo si hela ya chai. Ziombe.

Kubadilisha tarehe ni hesabu nyingine. Unalipa faini iliyotajwa kwenye masharti ya nauli, halafu unalipa tofauti ya nauli. Hii ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Viti vya daraja la kawaida vinafanana kwa macho, lakini kwenye mfumo vimegawanywa katika madaraja madogo yenye herufi, kila herufi na bei yake. Ulikata ile ya chini kabisa miezi mitano iliyopita. Leo herufi hiyo imekwisha kwenye ndege unayoitaka, kwa hiyo unapandishwa kwenye inayofuata. Tuseme faini ni dola 100 na tofauti ni dola 85: utalipa 185. Ukisogeza siku moja mbele au nyuma, tofauti inaweza kushuka hadi 20 au kufutika. Usiulize tu, "Tarehe 12 ni bei gani?" Mwambie wakala akuangalizie wiki nzima. Katika mfano wetu, tarehe 12 Julai ina faida yake: shule za Uingereza zinafungwa kuelekea mwisho wa mwezi huo, na watalii wakianza kumiminika huku, viti vya bei ya chini huisha.

Kabla ya kulipa chochote, mwombe wakala akague jambo moja: je, shirika lenyewe limebadilisha ratiba tangu siku uliyokata? Safari zinazokatwa mapema huhamishwa saa mara nyingi, na abiria hupata ujumbe ambao hausomi. Mabadiliko yakiwa makubwa, mashirika mengi hukubali usogeze tarehe bila faini, au hata kurudisha fedha. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani ni sheria tangu 2024: ndege ya kimataifa ikisogezwa saa 6 au zaidi na ukakataa mabadiliko hayo, una haki ya kurudishiwa fedha zako. Nimeona familia zikiokoa mamia ya dola kwa barua pepe iliyokuwa imelala tu kwenye simu.

Kama unasogeza tarehe na kulipa, huhitaji kumweleza mtu sababu. Hilo nalisema kwa ajili ya wale wanaochelewa kupiga simu kwa kuona haya, au kwa kuogopa habari isitangulie kufika kwa mama mkwe. Wakala anahitaji namba ya tiketi na tarehe unayotaka, basi. Sababu inatajwa pale tu unapoomba msamaha wa faini kwa misingi ya afya. Mashirika kadhaa hutoa msamaha huo, au hukupa vocha, daktari akiandika kwamba hupaswi kuruka. Mimba peke yake mara nyingi haitoshi. Daktari aeleze tatizo au wiki utakazokuwa nazo siku ya safari. Maombi hayo yaende kabla ya ndege kuondoka.

Neno "kabla" ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoandika hapa. Asiyetokea uwanjani bila kutoa taarifa anahesabiwa ameitelekeza safari. Faini yake ni kubwa kuliko ya kawaida, na tiketi nyingi za bei nafuu hufa palepale. Tena usipotumia mguu wa kwanza, mfumo unafuta na wa kurudi. Hata kama hujui utasafiri lini, piga simu ufute nafasi uliyoshika, tiketi ibaki na uhai wake. Kwa kawaida uhai huo ni mwaka mmoja tangu siku ilipokatwa, ingawa nauli za chini zinaweza kuwa na muda mfupi zaidi. Anayetaka kuahirisha mpaka baada ya kujifungua apime vizuri. Tiketi iliyokatwa Januari na mtoto wa Septemba wanaacha nafasi finyu, na mtoto huyo atahitaji pasipoti yake, viza yake, na tiketi yake ya mapajani, ambayo katika safari za kimataifa huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima.

Aliyekukatia ndiye wa kukubadilishia. Kama ulinunua kwa wakala wa mtaani au kwenye tovuti ya kuuza tiketi, shirika mara nyingi litakurudisha kwake. Waliokata kipande cha ndani, tuseme Mwanza hadi Dar, kwa tiketi ya peke yake, wakumbuke kukisogeza pia, hakifuati chenyewe. Na wanaosafiri kwa kikundi, kama vikundi vya umra vya Mombasa na Zanzibar, nauli yao ina masharti ya kikundi: mmoja hawezi kujitoa na kupanga tarehe yake kirahisi. Azungumze na kiongozi wa msafara kabla tiketi hazijatolewa, kwani wakati huo jina bado linaweza kubadilishwa. Zikishatolewa, hazihamishwi kwa dada wala kwa wifi.

Bima nayo inadanganya macho. Wengi wanaokwenda Ulaya hununua ile ya kuombea viza ya Schengen, yenye kinga isiyopungua euro 30,000, wakaamini italipa na tiketi. Kazi yake ni matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Gharama ya kuahirisha safari ni kinga nyingine, na hata hiyo mara nyingi haitambui mimba ya kawaida kuwa sababu.

Kwa wanaokwenda India, kuna la ziada. Abiria anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, anadaiwa cheti cha chanjo, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na wajawazito hawapewi kiholela. Ukiwa ulichanjwa zamani, cheti chako ni cha maisha. Kama hujachanjwa, muone daktari wa kituo cha chanjo na uulize ubalozi kabla hujalipa faini ya tarehe mpya.

Barua ya daktari iandikwe kwa Kiingereza na ibebe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, wiki za mimba, siku ya kutarajia kujifungua, kama ni mtoto mmoja au zaidi, na kwamba hakuna tatizo na unaweza kuruka hadi tarehe fulani. Iwe na saini, muhuri na simu ya hospitali. Mashirika mengi hutaka barua ya karibuni, ya siku chache kabla ya safari, kwa hiyo uliyopewa Dar haitakusaidia London mwezi mmoja baadaye. Panga mapema ni nani atakayekuandikia ya kurudi, na chukua kadi yako ya kliniki kwenye mkoba wa mkononi.

Ninajua pia kinachofanyika fedha za kubadilisha tiketi zikikosekana. Ndugu wanamvisha dada baibui pana, wanampunguzia wiki mbili mdomoni, wanamsindikiza hadi kaunta wakiomba Mungu. Juu ya bahari, mbali na kiwanja chochote, wahudumu wana mafunzo ya huduma ya kwanza na sanduku la dawa tu. Hawana damu ya kuongeza wala mashine ya kumlaza mtoto njiti. Kama wiki hazikubali, msimsaidie kuficha. Changeni hiyo faini mumlipie.