Simu inakatika ku wifi ya dipo: tuchunguze mbele ya kununua ruta mpya



Tukipita mu madipo, upande wa Masisi na upande wa Walikale, lalamiko moja linarudi kila mara: « Agronomi, wifi iko, lakini simu inaingia na kutoka. » Watu wengi wanasikia hiyo kama shida ndogo ya vijana wenye simu. Si ndogo. Siku hizi karatasi ya uzito, bei ya mnunuzi, picha ya jani lenye ugonjwa na habari za barabara zinapita mu simu hiyo hiyo.

Msimu mmoja wa maharagi nilikuwa mu dipo siku ya kupima. Karani alikuwa anatuma kwa mnunuzi picha za kurasa za uzito, moja moja. Simu ikakatika mara ine. Ukurasa mmoja haukufika, na hakuna mtu aliyeona. Mama moja, magunia yake yaliandikwa paka ku ukurasa ule, akangoja makuta yake siku nane nyuma ya wenzake. Mu mkutano watu wakaanza kumwangalia karani vibaya. Komite ikataka kuchangisha wanachama kwa kununua ruta mpya. Kumbe ruta ilikuwa nzima. Shida ilikuwa ku waya moja na ku mpangilio moja ya ndani.

Njo maana ninaandika hii makala. Ni kazi ile ile ya shambani: jani likigeuka manjano, hatukimbilii mbolea. Tunauliza kwanza: ni maji mengi? Ni udongo uliochoka? Ni ugonjwa? Tunakumbuka mnyauko wa migomba ulioonekana kwetu Masisi tangu mwaka 2001: mwenye kukata shina na kuona usaha wa manjano alijua ni nini, mwenye kubahatisha alipoteza shamba lote.

KWANZA: NI NJIA GANI INAKATIKA?

Kuna njia mbili. Ya kwanza inatoka ku simu hadi ku ruta: hiyo njo wifi. Ya pili inatoka ku ruta hadi ku antena ya kampuni ya simu: hiyo njo rezo. Ni sawa na mavuno: kuna njia ya shamba mpaka dipo, na kuna barabara ya dipo mpaka Goma. Barabara ikifungwa, hata ukitengeneza njia ya shamba, gunia halifiki.

Jaribu hivi. Wakati simu inakataa, angalia alama ya wifi. Kama alama imepotea kabisa, njia ya kwanza njo imekatika. Kama alama imejaa lakini simu inaandika kwamba hakuna intaneti, wifi haina kosa: angalia kama mega zimeisha, ama kama antena ya kampuni imezimika. Pale hakuna mpangilio wa wifi utakaosaidia.

Kisha chukua daftari, andika siku tatu: saa gani ilikatika, simu ya nani, alikuwa amekaa wapi, taa za ruta zilikuwaje. Daftari itasema yenyewe:

– Simu zote zinakatika mara moja na taa za ruta zinazimika kisha kurudi: tafuta ku umeme.
– Simu moja tu inakatika: tafuta ku simu ile.
– Wanaokaa mbali tu wanakatika: tafuta ku umbali na ku kuta.
– Inakatika paka siku ya soko, watu wakiwa wengi: tafuta ku hesabu ya simu.

UMEME WA SOLA

Mu madipo mengi ruta inakula ku batri ya sola. Batri ya volti 12 haitoi 12 kamili siku nzima. Jua likiwa kali na paneli inajaza, inaweza kupita 14. Usiku, batri ikichoka, inashuka. Tena waya mwembamba na mrefu unapunguza umeme njiani. Ruta ikikosa umeme kwa sekunde moja tu, inajizima na kuanza upya, na simu zote zinatoka kwa dakika moja ama mbili.

Soma karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya ruta: volti ngapi, ampea ngapi. Chaja lazima iwe na volti ile ile, na ampea zile zile ama zaidi, si pungufu. Fupisha waya, kaza viungo, ondoa kutu. Kwa Walikale, ambako unyevu wa msitu haukomi, fanya hivyo kila mwezi. Kama umeme bado unapanda na kushuka, weka kifaa kidogo cha kusawazisha volti 12 kati ya batri na ruta. Kwa modemu ndogo ya mukono, angalia batri yake: ikivimba, acha kuitumia, inaweza kuwaka moto. Na radi ikianza kulia, chomoa kila kitu.

MAHALI PA KUWEKA RUTA

Wifi inapita vizuri ku mbao, inachoka ku matofali na ku mawe, na inarudi nyuma ikikuta mabati. Magunia yaliyopangwa mpaka juu yanaizuia pia, zaidi sana yenye mazao mabichi, kwa sababu maji inakunywa mawimbi. Usiweke ruta chini, nyuma ya muzani ama ndani ya sanduku la chuma. Itundike ku ukuta, urefu wa mtu aliyesimama, katikati ya pahali watu wanafanyia kazi. Kama ni modemu yenye laini ya simu ndani, iweke karibu na dirisha lenye kuangalia upande wa antena, kwa sababu milima yetu inakata rezo.

KUINGIA NDANI YA RUTA

Kama umeme na mahali ni sawa, sasa tunaingia ku mipangilio. Unganisha simu ku wifi, fungua programu ya kusomea intaneti, andika namba ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1, modemu nyingi za Huawei zinatumia 192.168.8.1. Namba na neno la siri vimeandikwa ku karatasi ya chini ya ruta. Ukurasa huo unafunguka hata bila mega.

Kanuni tatu mbele ya kugusa kitu. Moja: piga picha ya kila ukurasa kama ulivyo. Mbili: badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja siku mbili, ukibadilisha vitu vitano mara moja, hutajua dawa ilikuwa gani. Tatu: usifanye kazi hii siku ya kupima. Na usichomeke sindano mu kitundu cha kurudisha upya: inafuta yote, hata majina ya kampuni ya simu yanayoingiza intaneti.

MIPANGILIO MITANO YA KUANGALIA

1. Muda wa anwani. Kila simu inayoingia, ruta inaipa namba, sawa na jeton mu foleni ya muzani. Ukurasa unaitwa DHCP. Kama jeton ni 20 na muda ni saa 24, siku ya soko wapita-njia 20 wanazimaliza asubuhi; hata wakienda nyumbani, namba zao haziko huru. Simu ya karani ikija saa sita inatafuta anwani, inakosa, inatoka. Ongeza wingi wa namba, mfano kutoka 100 mpaka 200, na punguza muda uwe saa mbili. Lakini modemu nyingi ndogo za mukono hazikubali zaidi ya simu 10 kwa mara moja, hata ukifanya nini. Pale dawa ni kubadilisha neno la siri na kulipa wenye kazi tu.

2. Mawimbi mawili. Ruta zingine zinatoa wifi ya 2,4 GHz na ya 5 GHz kwa jina moja. Ile ya 5 ni ya mbio lakini haifiki mbali na haipendi kuta. Ile ya 2,4 ni ya pole lakini inafika. Simu ikitembea mu dipo inaruka kutoka moja kwenda ingine, na kila kuruka inaweza kukatika. Zipe majina mawili tofauti. Simu ya kupima iweke paka ku 2,4.

3. Chaneli. Mu senta yenye ofisi nyingi, ruta zinasemea pamoja sawa watu mu soko. Ku ukurasa wa wifi, pahali pameandikwa « Canal », toa otomatiki, chagua 1, 6 ama 11, yenye majirani hawatumie. Usichague 12 ama 13, simu zingine haziioni. Upana uweke 20 MHz. Lakini kama muko peke yenu katikati ya msitu, chaneli si shida yenu, iacheni.

4. Usalama. Kama ruta imewekwa ku WPA3, ama ku mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, simu za zamani zinaweza kuingia na kutoka ama kukataa. Weka WPA2 yenye AES. Usiache wifi wazi bila neno la siri. Majina ya wanachama, kilo zao na makuta yao yanapita pale, na mu maeneo yetu orodha kama ile ikianguka mu mikono mibaya inaweza kuletea mtu hatari. Badilisha pia neno la siri la kuingilia mu ruta yenyewe.

5. Aina ya rezo. Hii ni kwa njia ya pili. Modemu ikiwa ku otomatiki, inaweza kuruka kati ya 4G dhaifu na 3G mchana wote. Chagua ile moja yenye kusimama, hata kama ni ya pole. Ukurasa wa uzito hauombi mbio, unaomba kufika.

KAMA NI SIMU MOJA TU

Futa jina la wifi ile mu simu, kisha liingize upya na neno lake la siri. Zima mpangilio wa kuchunga batri, kwa sababu unaweza kulaza wifi kioo kikizimika. Zima pia ule wa kuhamia ku mega za simu wifi ikiwa dhaifu: njo unamaliza forfe ya karani bila yeye kujua. Kama komite iliweka mu ruta orodha ya simu zenye ruhusa, simu mpya zinaweza kujificha kwa namba ya bandia. Mu mpangilio wa wifi ile, chagua namba ya kweli ya simu.

DAFTARI LIBAKI MEZANI

Hata ruta nzuri itakatika siku moja. Kwa hiyo uzito uandikwe kwanza ku karatasi, mkulima asome namba yake na kusaini, kisha picha ipigwe. Anayetuma aandike mwishoni: « kurasa ngapi, magunia ngapi ». Anayepokea arudishe hesabu ile ile. Malipo kwa simu mara nyingi yanapita bila intaneti, kwa kupiga namba fupi ya kampuni. Msiyasimamishe kwa sababu ya wifi.

Mu dipo ile niliyotaja, tulikaza waya ya batri, kisha nyuma ya siku mbili tukapunguza muda wa anwani kutoka saa 24 mpaka saa mbili. Hatukununua kitu. Siku ya kupima iliyofuata kurasa zote zilifika. Yule mama alikuja mapema, akasimama karibu na karani, akahesabu kurasa naye moja kwa moja mpaka ya mwisho. Leo koperative ile imeandika mu kanuni zake kwamba siku ya kupima mwanachama mmoja anasimama pale na kuhesabu. Ninawaomba mufanye vile vile, na ile makuta ya ruta mpya muinunulie mbegu.