Muziri Si Mtoto wa Mputa

Sinia la samaki wakavu katika soko la Ajia, wilayani Arua, laweza kuzua ubishi mkubwa kuliko thamani yake. Muuzaji asema ni muziri kutoka Panyimur, ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Askari, aonapo samaki wasiofikia urefu wa kidole, adhani ni watoto wa mputa waliovuliwa kinyume cha sheria. Tangu mwaka 2017, jeshi lilipopewa kazi ya kusimamia uvuvi katika maziwa ya Uganda, ubishi huo umekuwa na uzito. Askari akikosea, mama asiye na hatia hupoteza mtaji wake.

Udogo peke yake si ushahidi. Muziri hukomaa na kuzaa akiwa na urefu wa sentimita chache tu, wala hawi mkubwa hata akiachwa majini. Mputa aweza kupita kilo 100. Kumvua angali kidole ni kula mbegu.

Kwanza utazamwe mkia. Wa muziri una panda mbili. Wa mputa ni mviringo. Kisha mgongo. Muziri ana pezi moja laini, lililokaa nyuma ya katikati ya mwili. Mputa ana mapezi mawili, la mbele likiwa na miiba migumu ichomayo hata baada ya kukauka. Ngege mchanga naye ana miiba mgongoni.

Taabu ni ragoge, anayeuzwa pamoja na muziri. Naye ni mdogo kwa asili, na mkia wake una panda, lakini nyuma ya pezi la mgongo ana kipezi kidogo cha nyama. Angara na ngassia wachanga wanacho pia, nao hukua. Angara ana pezi refu zaidi chini ya tumbo, kuelekea mkiani. Ngassia ana meno yaliyochongoka kama sindano, ilhali ya ragoge ni mafupi na mapana.

Samaki aliyeanikwa juani hujikunja, mapezi yakashikamana na mwili. Mama wa nyumbani huwaloweka katika maji ya vuguvugu ili kuondoa mchanga. Maji hayo hayo hulainisha mapezi, yakafunguka kwa ncha ya kijiti. Askari naye aweza kuomba bakuli la maji kabla ya kutaifisha gunia. Na achote samaki wa chini pia, kwa kuwa watoto wa mputa hawawekwi juu.