Je, Wajua? Santuri ya Kwanza ya Mtoto wa Unguja

Je, wajua kwamba albamu ya kwanza aliyoimba Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, ilipoingia madukani haikuwashtua wengi? Jina lake ni *Queen*, kama bendi yenyewe. Ilitoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973, Freddie akiwa na miaka 26.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa yake ilirekodiwa watu wakiwa wamelala? Vijana hawakuwa na hela ya kukodi studio. Trident, studio maarufu ya mtaa wa Soho, London, iliwapa saa ambazo hakuna mteja wa kulipa aliyezitaka. Walikaa wakisubiri mwenye zamu afungashe vyombo vyake, wakaingia saa nane au saa tisa za usiku na kupiga mpaka kupambazuke. Kazi ikakamilika 1972, halafu ikakaa miezi kadhaa ikitafutiwa kampuni ya kuitoa. Huko nje David Bowie na T. Rex walikuwa wameshawazoesha watu wanaume waliojipaka wanja na kuvaa nguo za kumeremeta. Basi Queen wakaonekana waigaji waliochelewa, kwa kazi waliyokuwa wameimaliza zamani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipoonewa.

Je, wajua kwamba Freddie aliingia sokoni kwa jina la bandia kabla ya Queen? Katika kusubiri huko Trident, produsa Robin Cable alimwomba aimbe "I Can Hear Music", wimbo uliokwisha kujulikana kwa Ronettes na Beach Boys. Wenzake wa Queen wakamsaidia: Brian May akashika gita, Roger Taylor akakaa kwenye ngoma. Kampuni ya EMI ikautoa muda mfupi tu kabla ya albamu, mwimbaji akiitwa Larry Lurex, kumtania mwanamuziki Gary Glitter. Haukununuliwa. Leo wakusanyaji wa santuri wanaitafuta nakala hiyo kwa udi na uvumba.

Je, wajua jina Mercury lilitoka wapi? Brian May amesimulia kwamba lilitoka ndani ya albamu hii hii. Katika "My Fairy King" anatajwa mama mwenye jina hilo. Freddie akawaambia wenzake kwamba ni mama yake yeye, kwa hiyo na yeye sasa ni Mercury.

Nyimbo ni kumi. Tano kaandika Freddie.

Mmojawapo unaitwa "Jesus". Aliyeuandika ni mtoto wa Kiparsi, aliyelelewa katika dini ya Zoroasta, akazaliwa katika mji wa adhana na kusomeshwa katika shule ya bweni ya Kiingereza huko Panchgani, India. Wahakiki wa wakati ule waliupita bila kuuliza. Mzanzibari angeuliza.

Je, wajua kwamba nyuma ya jalada waliandika kwa makusudi kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza? Waliogopa msikilizaji asiamini masikio yake. Sauti zile zilizopandiana ni gita la May, alilolitengeneza nyumbani na baba yake tangu 1963. Shingo ya gita hilo ilichongwa kwa mbao za meko ya zamani. Halipigi kwa plastiki bali kwa sarafu ya peni sita. Jalada hilohilo limemwandika mpiga besi John Deacon kinyumenyume: Deacon John.

Je, wajua kwamba nembo ya Queen aliichora Freddie mwenyewe, aliyesomea sanaa ya michoro Chuo cha Ealing? Ni nyota za kuzaliwa za wanamuziki wanne wa bendi: simba wawili wa Taylor na Deacon, kaa wa May, na vichimbakazi wawili wa Freddie, mwenye nyota ya Mashuke.

Singo ya kwanza, "Keep Yourself Alive", haikugusa chati ya Uingereza kabisa. Ila tazama hili. Mwezi huohuo wa Julai, kipindi cha muziki cha BBC, *The Old Grey Whistle Test*, kilipokea santuri yenye lebo nyeupe isiyo na jina la mtu. Watayarishaji waliupenda wimbo bila kumjua mwenyewe, na kwa kuwa hawakuwa na picha ya bendi, waliurusha juu ya filamu ya zamani ya katuni, treni ikikimbia. Waliouona usiku ule walimsikia Freddie kabla ya kujua ni nani wala anafananaje. Baadaye hakuna aliyeipata tena nafasi hiyo.

Magazeti je? *Rolling Stone* la Marekani liliwasifu, likiona wanaweza kukikalia kiti cha Led Zeppelin. Mhakiki mmoja wa *NME* la London aliipa albamu tusi la chooni. Kwenye chati ya Marekani albamu ilifika namba 83.

Je, wajua kilichobadilisha mambo? Pengo la ratiba. Februari 1974, watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha *Top of the Pops* walikosa filamu ya Bowie, wakaita Queen dakika za mwisho. Walicheza "Seven Seas of Rhye", ukapanda mpaka namba 10. Albamu ya pili ikafika namba 5, na watu wakarudi dukani kuitafuta ya kwanza, ikaingia namba 24. Walioinunua mapema walikuwa wameshaonjeshwa: albamu ya kwanza inafungwa na kipande cha wimbo huohuo, dakika moja na ushei, bila maneno.

Na je, wajua kwamba wimbo mmoja ulikatwa? "Mad the Swine" uliondolewa kwa sababu ya mzozo na produsa Roy Thomas Baker kuhusu ngoma. Ulitoka 1991 kama upande wa pili wa singo. Oktoba 2024 albamu ilichanganywa upya, ikapewa jina *Queen I*; sauti ya ngoma ambayo wanamuziki hawakuipenda tangu mwanzo ikarekebishwa, na wimbo huo ukarudishwa wa nne, mahali ulipokusudiwa. Ukitaka kuanza, anza na "My Fairy King", ufungulie sauti kubwa.