Maneno ya Sifa katika Hadithi za Kiingereza

Msomaji wa Kiriaini, akifungua kitabu cha hadithi cha Kiingereza, aghalabu hukutana na neno la sifa asilolijua. Hukimbilia kamusi, akapata maana, akaendelea. Kufanya hivyo si vibaya, lakini hakutoshi. Kamusi humwambia neno lina maana gani. Haimwambii kwa nini mwandishi amelichagua hilo akaliacha jingine.

Tutazame mfano. Mtu asiye na mwili mkubwa aweza kuitwa "thin", "slender" au "skinny". Yote matatu hufasiriwa "mwembamba". Hata hivyo, la kwanza laeleza tu alivyo. La pili lasifu umbo lake. La tatu aghalabu lina dharau au huruma ndani yake. Sisi pia twaijua tofauti hiyo, kwani kumwita mtu mwembamba si sawa na kumwita kimbaombao. Mwanafunzi asiyeitambua aweza kuandika katika mtihani kwamba mwandishi anamsifu mtu ambaye kwa kweli anamcheka, na jibu lake lote likaharibika.

Wakati mwingine sifa haimo katika neno moja, bali katika mfano. Katika kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o kiitwacho The River Between, kilichotolewa mwaka 1965, migongo miwili ya milima, Kameno na Makuyu, inafananishwa na simba waliolala. Msomaji wa Kiriaini, aliyezaliwa katika nchi ya migongo na mabonde kama hiyo, huiona picha mara moja. Lakini na ajiulize: kwa nini simba, wala si ng'ombe? Simba aliyelala aweza kuamka, na simba wawili wakielekeana kando ya mto mmoja hawakosi kushindana. Ndivyo inavyotokea: Makuyu yawa makao ya Wakristo, Kameno yashika mila, na Mto Honia wapita katikati. Ugomvi ulikuwa umekwisha kutajwa katika sifa ya milima.

Basi, ukikutana na neno la namna hiyo, kwanza tafuta maana yake. Pili, liondoe, utie jirani yake mahali pake, uone ni nini kilichobadilika. Tatu, jiulize ni nani anayetazama, na kama anapenda, anaogopa au anadharau. Hapo ndipo utakapojua yaliyomo moyoni mwa mwandishi.