Kumjua Muuza Magari wa Kuaminika Kigali

Kabla hujafungua mlango wa gari lolote katika yadi za Kigali, mwulize muuzaji: gari hili ni la nani? Swali hilo huwachuja wauzaji haraka kuliko lingine lolote. Mwenye biashara halali atakuonyesha kadi ya njano ya gari, ikiwa na jina la kampuni yake au la mteja aliyemwachia gari kwa maandishi. Dalali atakuambia mwenyewe yuko safarini. Udalali ni kazi halali, na wapo wanaoifanya kwa haki, ila dalali hana cha kupoteza gari likikuzimikia wiki ijayo.

Gari lililoingia nchini karibuni huenda bado halina kadi. Hapo uliza kama bei uliyotajiwa ina kodi ndani yake. Ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na VAT ya 18% vikijumlishwa, huweza kuzidi nusu ya thamani ya gari la petroli. Muuzaji anayekwepa swali hili mpishe.

Jambo linalowaponza wengi ni asili ya gari. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na kwa miaka mingi imezuia kuingizwa kwa magari madogo yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo, wakati yadi za Mombasa na Dar es Salaam zimejaa magari ya mitumba kutoka Japani, Kigali hutegemea zaidi Ulaya, Dubai, Korea Kusini na Amerika Kaskazini. Ushauri wa ndugu yako wa Mombasa, kwamba udai karatasi ya mnada wa Japani, hautakufikisha mbali.

Soma namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na K, gari kwa kawaida limeundwa Korea. W ni Ujerumani. 1, 4 au 5 ni Marekani. J ni Japani. Ikiwa ni J, au namba haifiki 17, chunguza usukani. Gari lililohamishiwa usukani kutoka kulia huacha dalili: waipa zinazofagia vizuri upande wa abiria na kubakiza kona chafu mbele ya dereva, dashibodi yenye viungo visivyokutana, taa zinazomulika machoni pa wanaokuja mbele. Mimi nisingelinunua kwa bei yoyote, kwa sababu mfumo wa breki na usukani wake umeguswa na fundi usiyemjua.

Gari la Marekani lina hatari yake. Magari yaliyogongwa au kuzama kwenye mafuriko, ambayo kampuni za bima zimeshayafuta, huuzwa huko minadani na kusafirishwa nje. Historia hiyo hupatikana kwenye intaneti kwa namba ya chesisi, kwa ada ndogo. Muuzaji mzuri huwa ameshaitafuta. Angalia pia kama mita inahesabu maili. Maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000.

Cheti cha ukaguzi wa Polisi, kama kinachotolewa Remera, ni cha lazima na kina maana: breki na taa zimepimwa. Hakikuambii giaboksi imebakiza maisha kiasi gani. Hilo utaambiwa na milima. Panda na gari kutoka Nyabugogo hadi katikati ya mji, ukiwa na fundi wako mwenyewe, na utazame geji ya joto. Yadi inayokukatalia mwendo huo imeshakujibu.

Lipa kupitia akaunti ya benki ya kampuni, wala si simu ya mtu binafsi, na udai risiti ya EBM, ile ya mashine ya kodi. Hakikisha kwenye Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) kwamba kampuni imesajiliwa na kwamba gari halijawekwa rehani benki. Uliza pia faini za kamera za barabarani, zile za "Sofia", maana hufuata namba ya gari.

Fedha ya mwisho usiitoe mpaka umiliki uhamishiwe jina lako kwenye Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA), na muuzaji awe nawe siku hiyo.