Walimu Waliobaki Mlimani

Habari za Kanisa la Kilutheri Kilimanjaro husimuliwa kana kwamba zote ni kazi ya Wajerumani. Mimi ni Mchagga wa Old Moshi, mjukuu wa mwalimu wa misheni, na nataka walimu wale watajwe.

Injili haikupanda mlima peke yake. Wamisionari wa chama cha Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, mwaka uleule jeshi la Wajerumani lilipomshinda Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru, na serikali ikajibu kwa kuchoma nyumba na kuswaga mifugo ya watu. Tarehe 2 Machi 1900 Meli na wenzake wakanyongwa Old Moshi, jumla watu 19. Watoto wa waliolia siku ile ndio waliokuja kuketi darasani misheni. Sijui mtu anawezaje kuusimulia ubatizo wetu akakiruka kitanzi kile.

Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902, alituelewa kuliko wenzake wengi. Aliona kwamba Mchagga ana ukoo, ana majirani na ana wa rika lake, akaujenga usharika juu ya hayo. Zamani vijana wa jando walifungamanishwa wawiliwawili kama wenzi wa ngao. Yeye akaendeleza desturi hiyo kwenye kipaimara. Mmoja alipoyumba, mwenzake aliulizwa. Hapo namheshimu kwa moyo wote. Ila alituogopea mno mji na fedha, wakati vijana walishaanza kutaka kahawa na shule kubwa zaidi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitwaa nchi, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakafukuzwa. Baadaye walikuja Wamarekani wachache wa kanisa la Kilutheri la Augustana kusaidia, lakini mlima ni mkubwa. Walioshika ibada, katekisimu na mazishi kijiji kwa kijiji ni walimu wetu, wengine wakiwa wamesomea Marangu, ambako chuo cha ualimu kilifunguliwa mwaka 1912. Bibi alinieleza kuwa babu alifundisha asubuhi, watoto wakiandika kwa kijiti kwenye udongo mkavu chini ya migomba. Zamu yake ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ikifika, aliweka Biblia kando akashika jembe, maana mshahara haukutosha chumvi na nguo. Usiku angeitwa kwa mgonjwa, naye angekwenda, mvua au baridi.

Gutmann na wenzake waliporudi walilikuta kanisa li hai. Hata hivyo, wachungaji wa kwanza wazalendo hawakuwekewa mikono hadi mwaka 1934, miaka zaidi ya 40 tangu Machame. Hilo linaniuma mpaka leo. Watu walioaminiwa kuzika na kufundisha walikawizwa mno kukabidhiwa madhabahu.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mzaliwa wa mlima huu, aliyeanza kazi kama mwalimu. Naziomba sharika za zamani ziwahoji wazee waliobaki na kuyaandika majina ya walimu wao, kijiji kwa kijiji, mwaka huu.