Puli ya Meno: Pima Vizuri Kabla Fundi Hajakata

Mkulima, pengine unayo pampu ya maji inayoendeshwa na mota ya umeme kwa mkanda wenye meno. Siku moja puli ndogo inalika, mkanda unaanza kuruka, na mboga zako zinanyauka shambani. Ukienda dukani, puli ya namna hiyo haipatikani.

Siku hizi wako mafundi wenye mashine ndogo nyumbani ya kukata chuma, inayoongozwa na kompyuta, ambao wanaweza kukutengenezea nyingine. Lakini kumbuka: mashine hiyo hukata vile ilivyoambiwa. Ukipeleka kipimo kisicho cha kweli utarudi na puli isiyofaa, na fedha zako zimekwisha kwenda. Basi fuata mambo haya.

1. Hesabu meno ya puli. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, kisha uhesabu mara mbili. Meno ndiyo yanayoamua mwendo. Mota ikizunguka mara 1,440 kwa dakika, puli yake ikiwa na meno 24 na ya pampu meno 72, pampu itazunguka mara 480. Fundi akikata meno 23, itazunguka mara 460 tu.

2. Pima mkanda, usipime puli iliyolika. Unyoshe mezani. Pima toka katikati ya jino la kwanza mpaka katikati ya jino la kumi na moja, kisha ugawanye kwa 10. Ukipata milimita 80, nafasi ya kila jino ni milimita 8. Ukipata milimita 95 na robo, huo ni mkanda wa inchi. Tazama pia kama meno ni ya mviringo au ni bapa, kwa maana hayaingiliani. Ni vyema kumpelekea fundi mkanda wenyewe.

3. Jihadhari na upana wa puli. Hapa ndipo wengi hukosea. Meno 24 mara milimita 8 ni 192. Gawanya kwa 3.14, utapata milimita 61.1. Hicho sicho kipimo cha nje cha puli! Nyuzi zinazobeba nguvu zimo ndani ya mkanda, juu kidogo ya meno, na duara la milimita 61.1 hupita kwenye nyuzi hizo. Kwa mkanda wa milimita 8 wenye meno ya mviringo, puli hupunguzwa milimita 1.37, ibaki kama 59.74. Fundi akisahau, mzunguko mzima utazidi kwa milimita 4 na zaidi, yaani nusu ya jino, na mkanda utapanda juu ya meno na kuharibika.

4. Kazi ya fundi. Aluminiamu yafaa kwa puli ndogo. Tundu la shafti litobolewe kwanza, na meno yapimwe kutoka katikati yake, la sivyo puli itayumba. Kwa meno 24, kila jino ni digrii 15. Kisu kiwe chembamba kuliko mfereji wa jino. Kwa mkanda huu cha milimita 4 chafaa. Akate kidogo kidogo, maana kisu chembamba kirefu hupinda. Puli ndogo iwekewe kingo pande zote mbili ili mkanda usitoke.

5. Jaribu kabla ya kulipa. Zungushia mkanda kwa mkono. Kila jino likae katika mfereji wake bila kulazimishwa.

ONYO: Usitie mkanda wa meno kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mashine hiyo ikikwama, mkanda wa kawaida huteleza na kuokoa mota. Mkanda wa meno hauteleza. Kitakachovunjika ni meno au shafti. Tena mkanda wowote waweza kuvuta nguo na kukata vidole. Uwekee kinga, na uzime umeme kabla ya kuugusa.

Mwisho, andika vipimo vyote katika daftari lako: idadi ya meno, nafasi ya jino, upana wa mkanda na tundu la shafti. Puli ikilika tena, hutaanza upya. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.